Migomba ya Mama Lusekelo na Mpaka wa Kambi

Vijana, ninyi mnasimika chombo chenu juu ya mguu mmoja, kinasoma setilaiti, na mnajua mlipo kabla hamjamaliza kutafuna kipande cha muwa. Siwaonei wivu. Ningekuwa nacho mimi, ningelala nacho kitandani. Lakini mmeniomba niandike nilichojifunza katika upimaji wa ardhi hapa Tukuyu, na nikikiandika kwa uaminifu lazima nianze na neno moja nililoliandika vibaya kwenye daftari la vipimo. Neno lenyewe ni "Hajui". Karibu lifukuze familia kumi na moja.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Baba na mama walitoka Makete wakaja kuchuma chai, nami nikakulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba. Shule niliishia darasa la saba. Kazini niliingia kama mshika mnyororo. Huyo ndiye mtu anayevuta utepe wa chuma mbele, mwenzake akiushika nyuma, na kila unapofika mwisho anachomeka kijiti cha chuma, wanasonga. Hesabu za pembe nilizipata sokoni. Muuza karanga mmoja alikuwa akifungia karanga zake kwa kurasa za kitabu cha hesabu, nami nikasoma ukurasa wangu wa kwanza huku nikitafuna. Siku ya pili nilinunua kitabu kilichobaki na karanga zote. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwishaenda na wateja, kwa hiyo kwa miaka miwili nilijua kukokotoa pembe tatu bila kujua kwa nini zinakokotoka hivyo.

Aliyenifundisha yaliyobaki ni Mzee Ambakisye, mwenyeji wa Mpuguso, aliyeshika mnyororo tangu ujana wake hadi meno yakaanza kumwacha. Ukungu wa hapa mnaujua: unashuka kutoka mlima Rungwe ukitaka, na fimbo ya kulengea inapotea hatua hamsini tu mbele yako. Mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi, Mzee alinunua soksi moja nyekundu, ndefu, ya mchezaji wa mpira wa nchi gani sijui. Moja tu, kwa bei ya nusu. Muuzaji alimcheka.

"Mzee, mguu wa pili utavaa nini?"

"Wa pili ni fimbo," alijibu, akaivisha fimbo soksi pale pale. Tangu siku hiyo tuliweza kulenga kwenye ukungu ambao wengine walikaa chini wakisubiri upite.

Lingine alilonifundisha lilihusu kilicho chini ya jiwe la mpaka. "Jiwe watu wataling'oa," alisema. "Watalitumia kwa mafiga, watalinolea nyengo zao za kukatia majani. Kwa hiyo kabla hujalisimika, chimba zaidi, weka mkaa. Mkaa hauozi, mchwa hawauli, mwizi hautaki. Na shingo ya chupa juu yake, ili anayechimba ajue ni mtu aliweka, si moto wa shamba." Alisema alifundishwa hivyo na mpima wake wa kwanza, na kwamba wapima wote wa kizazi kile katika wilaya hii walifanya hivyo. Nilicheka kidogo. Nilikuwa kijana wa kitabu.

Sasa niwaeleze habari ya kambi.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Mtu aliyepeleka ndizi mjini mara mbili kwa faida alitaka duka, na aliyekuwa na duka alitaka la pili lenye mashine ya kusaga. Mtaa wa Makandana ulijaa hadi ukuta wa jirani ukawa ukuta wako. Mji haukuwa na mahali pa soko jipya, wala pa stendi, wala pa viwanja. Na pembeni mwa mji, upande wa bondeni, kulikuwa na kambi ya jeshi yenye eneo kubwa ambalo sehemu yake ya juu haikuwa na kazi tena zaidi ya kuota majani. Baada ya barua nyingi na vikao vingi, jeshi likakubali: sehemu ile ya juu iingizwe katika mji.

Sharti lilikuwa moja. Ardhi ikabidhiwe ikiwa tupu. Yeyote atakayekutwa ndani ya mpaka wa kambi atahesabiwa mvamizi, aondoke kabla ya makabidhiano, na asipewe chochote. Aliye nje ya mpaka ni mkazi wa mji, atabaki alipo na kupimiwa kiwanja chake. Kwa hiyo swali lote lilikuwa: mpaka wa juu wa kambi unapita wapi?

Mkuu wangu alikuwa Dar es Salaam kwenye mafunzo. Kazi nikaachiwa mimi, na wiki tatu.

Mchoro wa kambi ulikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Ulisema mpaka wa juu unaanza kwenye jiwe kubwa la chemchemi, unakwenda mita mia moja na ishirini hadi bikoni, yaani jiwe la mpaka la zege, iliyo kwenye kona ya chini ya migomba ya Mwakalundi, kisha unanyooka hivyo hivyo hadi kijitoni, mita mia saba na ishirini kutoka chemchemi. Jiwe la chemchemi lilikuwapo, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Bikoni haikuwapo. Kijitoni hakukuwa na alama. Mpima wa zamani aliandika tu "ukingo". Migomba ilikuwapo, na ndani yake mama mmoja akikata majani makavu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Migomba hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Zamani ilikuwa ya nani?"

Akaangalia nyengo yake.

"Ilikuwa ya Mwakalundi?"

Aligeuka upande kama mtu aliyerushiwa maji, akaendelea kukata majani. Nikamuuliza mara ya tatu, naye akasema, "Nina kazi, Bwana."

Nikaandika: "Mtumiaji wa shamba ameulizwa jina la mmiliki wa zamani. Hajui." Nikamwona ni mtu aliyekuja juzi, asiyejua historia ya mahali. Sikumuuliza tena kitu kingine chochote, na hilo ndilo kosa.

Nikaitafuta kona ya chini ya migomba ilivyokuwa siku ile, nikasimika thiodolaiti, chombo chetu cha kupimia pembe, kwenye jiwe la chemchemi, nikalenga ile kona, nikavuta mstari hadi kijitoni. Mstari wangu uliziacha nyumba kumi na moja ndani ya kambi. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilizipaka mwenyewe alama nyekundu ukutani, X moja kila nyumba. Nyumba ya nane ilikuwa ya yule mama wa migombani, kule chini karibu na kijito, na kaburi la mumewe lilikuwa uani, limesakafiwa vizuri. Nilipokuwa napaka alisimama mlangoni akaniangalia hadi nikamaliza.

"Hili kaburi nalo utalipaka?" aliuliza.

Nilisafisha brashi.

Jumapili baada ya ibada nilipita Mpuguso kumwonyesha Mzee Ambakisye kazi yangu. Nilitaka sifa, niseme ukweli. Alisoma daftari polepole, kidole kikifuata mistari, na alipofika kwenye "Hajui" akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa.

"Gwe! Huyu mama ni nani wa Mwakalundi?"

"Si nimeandika? Hajui."

"Mumewe alikuwa nani?"

Nilikuwa na jina kwenye orodha ya nyumba. Nikalisoma. Mzee akafuta machozi ya kicheko.

"Huyo ni mtoto wa Mwakalundi. Umemuuliza mkamwana jina la mkwewe! Mwanangu, hata ungemtundika kwenye mti asingelitaja. Hapa kwetu mwanamke hamtaji baba wa mumewe. Akiwa hai hapishani naye njiani, na akifa jina halimtoki. Kwa nini unafikiri mumewe alijenga kule kijitoni, mbali na migomba ya baba yake? Ili mkewe apumue. Wewe ukaandika hajui. Anajua kuliko jeshi lote."

Nilikuwa nimezaliwa wilaya hii hii, na kwenye nyumba za shamba la chai tulichanganyika watu wa kila mahali kiasi kwamba jambo hilo sikuwahi kulikuta. Hiyo ni sababu, si udhuru.

Kesho yake tulikwenda pamoja. Mama Lusekelo, maana hilo ndilo jina ambalo kila mtu alimwita, alimkaribisha Mzee na kumpa kigoda. Mimi hakunipa kitu.

"Tata," alimwambia Mzee, "huyu ndiye aliyenichorea ukuta."

"Ndiye. Amekuja kujifunza."

"Sasa, akishachora?"

"Sasa."

Mzee hakuuliza jina lolote. Aliuliza, "Babu wa watoto alipanda migomba yake wapi?"

Mama Lusekelo akainuka pale pale. Tulimfuata hadi shambani. Hakuishia kwenye kona ya migomba. Alishuka chini yake, akapita majani ya mabingobingo aliyowapandia ng'ombe, akasimama.

"Hapa," alisema. "Hapa hapa."

"Lakini migomba iko kule juu," nikasema.

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Bwana, wewe hujawahi kulima mgomba?"

"Nimelima chai."

"Chai inakaa. Mgomba haukai. Shina lina mama, mtoto na mjukuu. Mama akizaa ndizi unamkata, mtoto anakuwa mama. Watoto wanatoka pande zote, wewe unachagua mmoja, wengine unang'oa. Mimi namwacha wa upande wa mlimani. Siku zote. Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo, naye alifanya hivyo. Mvua ya hapa unaijua. Mtoto wa bondeni inamfukua mizizi hadi anaanguka na mkungu wake. Kwa hiyo kila ukikata mama, shamba linapanda hatua ndogo mlimani. Linatembea. Hukuliona?"

Sikuliona. Nilikuwa nimelenga chombo cha thamani kwenye kitu kinachotembea.

Tazameni sasa jinsi kosa dogo linavyokua, maana hili litawafaa hata mkiwa na setilaiti. Kona ya migomba iko mita mia moja na ishirini kutoka chemchemi. Kijito kiko mita mia saba na ishirini, mara sita ya hapo. Ukikosea mita moja kwenye migomba, kijitoni umekosea sita. Usirefushe mstari kutoka kwenye msingi mfupi bila kutafuta alama ya pili kule mwisho. Nililijua hilo kwenye kitabu, ukurasa huo haukuwa umefungiwa karanga.

Lakini neno la Mama Lusekelo peke yake lisingesimama mbele ya jeshi, kwa sababu yeye ni mwenye nyumba. Nilihitaji kipimo. Nikamuuliza kama kuna mgomba anaojua ulipandwa lini na wapi hasa. Alifikiri kidogo, akatupeleka katikati ya shamba. Kulikuwa na jiwe la kusagia limezama nusu ardhini.

"Mama mkwe aliliweka hili kwenye shina, nilipojifungua Lusekelo. Alisema mgomba huu ni wa uji wa mtoto. Shina lake ndilo lile pale."

Tulipima kutoka jiwe hadi shina: mita tano na sentimita arobaini. Lusekelo alikuwa na miaka ishirini. Cheti cha ubatizo kililetwa, nikakisoma mara mbili. Miaka ishirini, mita tano na nukta nne. Mchoro wa kambi una miaka ishirini na sita. Basi migomba ilikuwa imetembea mita saba na sentimita mbili tangu bikoni iliposimikwa. Mara sita, kijitoni ni mita arobaini na mbili. Nyumba kumi na moja zote zilikuwa ndani ya mita arobaini na mbili hizo.

Nilipima mita saba kushuka kutoka kona ya migomba, nikachomeka kigingi. Kilikuwa hatua mbili tu kutoka pale aliposimama Mama Lusekelo alipotuambia "hapa hapa".

"Tuchimbe," nikamwambia Mzee.

"Usiguse," akasema. "Ukichimba peke yako, watasema mkaa uliuweka wewe. Mwite mwenye kambi achimbe yeye."

Nikamwandikia Meja aliyekuwa akisimamia makabidhiano. Sikuficha kitu: niliandika kwamba mstari wangu wa kwanza si sahihi, kwamba kosa ni langu, na kwamba naomba achimbe kwa mkono wa watu wake mwenyewe. Nikaweka sahihi. Miaka ile watumishi walikuwa wanapunguzwa kila idara, na mtu wa darasa la saba aliyekiri kosa kwa maandishi alikuwa rahisi kupunguzwa.

Meja alikuja Alhamisi saa nne na askari wawili wenye sururu. Watu wa nyumba zote kumi na moja walikuwa wamekwishafika. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, anayesoma kila karatasi hadi mwisho.

"Bwana Sanga, wiki iliyopita ulisema mpaka uko kule. Leo unasema uko huku. Wiki ijayo?"

"Wiki ijayo utakuwa utakakoukuta wewe, Afande. Mimi nitauandika tu."

"Mchoro unasema migomba ya Mwakalundi. Nani anathibitisha kwamba hii ndiyo?" Akamgeukia Mama Lusekelo. "Mama, shamba hili lilikuwa la nani?"

Mama Lusekelo akatazama chini. Nikamwona askari mmoja akianza kutabasamu, akidhani hajui, kama mimi nilivyodhani siku ile, nikaingiwa na hofu. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya watu.

"Niulize mimi! Yeye ni mkamwana, mimi ni binti. La Mwakalundi! Baba yangu mzazi! Nilitaje mara ngapi?"

Alikuwa wifi yake, Anyisile, muuza maziwa, mwanamke wa sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili.

"Na bikoni ilikwenda wapi?" Meja akauliza.

Anyisile akapoa kidogo. "Ile ya zege? Baba alinolea nyengo yake. Lilikuwa jiwe zuri sana, Afande. Akalihamishia uani. Alinolea hadi likaisha."

Watu wakacheka, na Meja naye akakunja midomo ili asicheke. Akatoa ishara. Askari wakaanza kuchimba pale kwenye kigingi changu.

Udongo wetu ni mweusi kwa asili, kwa hiyo mkaa ndani yake hauonekani upesi. Walifika magotini, hakuna kitu. Wakapanua shimo upande wa kushoto, hakuna kitu. Nilianza kukokotoa upya kichwani: labda shina lilipandwa mwaka mmoja baadaye, labda utepe ulilegea. Mzee Ambakisye alikuwa amekaa juu ya mgomba uliokatwa, anachambua mahindi ya kuchoma punje moja moja.

"Upande wa Mama Lusekelo," alisema bila kuinua kichwa. "Yeye alisema hapa hapa. Wewe umesema kwa hesabu. Katikati yenu."

Wakachimba katikati. Sururu ilitoa mlio mdogo wa kioo.

Meja akawasimamisha. Akapiga goti mwenyewe, na suruali yake iliyopigwa pasi, akatoa udongo kwa vidole. Ilitoka shingo ya chupa ya kijani. Chini yake kulikuwa na mkaa, umepangwa kwa mkono, vipande vinne kama mafiga na kimoja cha ziada. Alikiweka kimoja kwenye kiganja, akakigeuza, akainuka.

"Kilicho changu nakabidhi," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Kisicho changu sina cha kukabidhi. Mpaka wa kambi ni hapa. Nyumba hizi hazijawahi kuwa ndani. Andika, Bwana Sanga."

Sijui kama mmewahi kusikia watu hamsini wakishangilia kwenye shamba la migomba. Majani yanairudisha sauti. Anyisile alipiga vigelegele, akaanza kucheza kuzunguka shimo na ndoo ya maziwa kichwani, tupu nashukuru. Mzee Ambakisye alikuja akanishika bega. "Kijana wa kitabu," alisema, basi. Nilikuwa na miaka thelathini na tano, na sijapewa cheti kilichozidi hapo.

Mama Lusekelo hakushangilia. Alinijia akanishukuru, "Ndaga fijo, Bwana. Sasa ukuta wangu."

Mchana huo huo nilikwenda nyumba hadi nyumba na ndoo ya chokaa, nikafuta alama zangu zote kumi na moja. Kwenye nyumba ya nane alisimama tena mlangoni kunisimamia.

"Bado unaonekana wekundu pale. Na pembeni. Na kwa kuwa umekuja na chokaa, ukuta huu mwingine je?"

Nikapaka nyumba nzima. Kaburi nalo.

Makabidhiano yalifanyika siku iliyopangwa, kwa mstari mpya. Kwenye ile sehemu ya juu ya kambi leo kuna soko, stendi, zahanati na viwanja vilivyonyooka kama kitambaa kwenye meza ya fundi cherehani. Bikoni zote za kule nilizisimika mimi, na chini ya kila moja kuna mkaa na shingo ya chupa. Mkizikuta zimenolewa, chimbeni.

Miaka ilipita, mitaa ikapewa majina. Mtaa unaofuata ule mpaka wa zamani, kutoka chemchemi hadi kijitoni, kikao kilikubaliana bila ubishi uitwe Mwakalundi. Nilikuwa kwenye kikao hicho na nilinyoosha mkono na wengine, sikufikiri mbele.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kujaza fomu za hati za wakazi wa pale. Mama Lusekelo alikuwa wa kwanza kwenye foleni, nywele nyeupe, leso mpya. Jina, nikaandika. Kiwanja, nikaandika. Kijana wa ofisini aliyekuwa akinisaidia akauliza, kama fomu ilivyotaka, "Bibi, unaishi mtaa gani?"

Akatazama dirishani.

Kijana akasubiri, kisha akashika kalamu kuandika kwenye nafasi ile, na nikaiona herufi ya kwanza: H.

Nikamshika mkono. Nikachukua fomu, nikaandika jina la mtaa mwenyewe kwa herufi kubwa, nikaigeuza ili alione bila kulisema. Alilisoma polepole hadi mwisho, akatikisa kichwa kuwa ndivyo, akaweka dole gumba lake chini yake.